Kompyuta haina pa kuingizia sidii? Piga mfumo mpya kwa flashi

Mapema Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita na mafuriko yakakata barabara pale Somanga, Kilwa, mabasi ya Dar yalisimama na sisi wa kusini tukabaki upande wetu. Ndani ya siku hizo aliingia kibandani kwangu, Chikongola hapa Mtwara mjini, mama mmoja katibu wa chama cha msingi kutoka upande wa Tandahimba. Kompyuta mpakato yake alikuwa ameiviringisha kwenye kitenge.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii mashine imegoma, inazunguka tu haifiki popote. Nimeambiwa haina pa kuingizia sidii, kwa hiyo mpaka iende Kariakoo. Na barabara ndiyo hiyo."

Nikaigeuza ubavu huu na ubavu ule. Kweli, nyembamba, ina matundu matatu ya USB, la HDMI, la chaja, basi. Ndani yake mlikuwa na majina ya wakulima wa korosho waliokuwa wakisubiri kugawiwa salfa, na msimu wa kupuliza haumsubiri mtu.

Haikwenda Kariakoo. Ilipona kwa flashi ya GB 16 na majina yote yakabaki salama. Hapa naandika kazi ile ile kwa mpangilio ninaoufuata kila siku, ili mtu aliyeko Newala, Nachingwea au Liwale aifanye mwenyewe mezani kwake bila kupoteza nauli.

Kwanza tuelewane kuhusu sidii. Kompyuta ikiwashwa, programu ndogo iliyomo kwenye bodi yake (BIOS kwa mashine za zamani, UEFI kwa za karibuni) huanza kutafuta mahali penye mfumo wa kuanzia. Hukagua diski ya ndani, hukagua flashi, hukagua sidii kama ipo. Sidii haikuwa na baraka ya pekee. Ilikuwa tu chombo cha bei rahisi cha kubebea mfumo enzi zake. Sidii moja inabeba MB 700, dividii ya kawaida GB 4.7, na faili la Windows 11 siku hizi limepita GB 5. Kwa hiyo hata ukiwa na droo ya dividii, mfumo mpya hauingii humo. Watengenezaji waliliona hilo mapema: Apple walitoa MacBook Air bila droo ya sidii mwaka 2008, na wengine wakafuata. Mashine yako si pungufu.

Hatua ya kwanza: toa mali ya mwenyewe

Usiguse kitu kingine kabla ya hii. Kupiga Windows kunachukua dakika ishirini kwenye mashine yenye SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka. Picha za mtoto aliyefariki, barua ya ajira, daftari la malipo ya wakulima, hivyo havirudi kwa dakika ishirini wala kwa miaka ishirini.

Kama mashine bado inawaka, nakili kwenye diski ya nje au flashi nyingine: Desktop, Documents, Pictures, Downloads, na chochote kilichohifadhiwa moja kwa moja ndani ya diski C. Watu wengi hapa kwetu huweka kila kitu Desktop, kwa hiyo anzia hapo. Muulize mwenye mashine pia kama anakumbuka pasiwedi za barua pepe yake na za mifumo anayoingilia kazini. Nyingi zimekaa ndani ya kivinjari na hajaziandika popote. Zikifutika, kesho hawezi kuingia.

Kama mashine haiwaki, kama ile ya mama katibu, diski yake mara nyingi bado ni nzima. Kilichoharibika ni Windows. Hapo ndipo Linux, mfumo wa bure mbadala wa Windows, inaokoa. Unatengeneza flashi ya Linux Mint (namna ya kutengeneza inakuja hatua ya tano), unawashia mashine kwa flashi hiyo, na mfumo mzima unafunguka ukiwa umekaa kwenye flashi na RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) bila kugusa diski ya ndani. Fungua kidhibiti cha mafaili, bofya diski ya ndani upande wa kushoto, ingia folda ya Users, kisha jina la mwenye mashine. Vitu vyote vimo humo, unavinakili kama kawaida kwenye diski ya nje.

Nilimwita mama asogee aangalie kioo. Kwenye Desktop kulikuwa na faili limeandikwa SALFA 2024, lingine SALFA 2024 MWISHO, na la tatu SALFA 2024 MWISHO KABISA. Akaweka kidole karibu na kioo: "Hilo la mwisho kabisa ndilo lenyewe, lakini chukua yote." Nikachukua yote. Nakushauri ufanye hivyo hivyo: mwenye mali asimame pembeni wakati unanakili, kwa sababu wewe hujui kipi ni kipi, na yeye ana haki ya kuona unachofungua.

Jambo moja linaweza kukukwamisha hapa. Mashine nyingi mpya hufungwa diski yake kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha vilivyomo, hata mwenyewe asijue, hasa kama aliingia kwa akaunti ya Microsoft siku ya kwanza. Ukiifungua kwa Linux itakudai ufunguo wa tarakimu 48. Usianze kubahatisha. Ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti yake ya Microsoft; aingie kwa simu yake, autafute, auandike kwenye karatasi. Kama hakumbuki akaunti wala ufunguo, mwambie ukweli kwamba ukifuta diski hiyo hakuna fundi wa Dar wala wa Nairobi atakayerudisha kilichokuwemo, na umwachie yeye aamue.

Hatua ya pili: amua unapiga mfumo gani

Angalia mashine ina nini kabla ya kupakua. Ikiwa inawaka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha Enter. Soma aina ya prosesa, ukubwa wa RAM, na mstari wa "BIOS Mode". Mstari huo ukisema UEFI au Legacy (yaani BIOS ya zamani), liandike neno hilo kwenye karatasi, utalihitaji baadaye.

Windows 10 iliacha kupewa maboresho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Inaendelea kuwaka, lakini mashimo yanayogunduliwa hayazibwi tena kwa utaratibu wa kawaida, kwa hiyo mashine inayoshika fedha za watu sipendi kuipigia hiyo. Windows 11 inataka prosesa ya biti 64, RAM ya GB 4, diski ya GB 64, UEFI yenye Secure Boot (ulinzi unaokagua mfumo kabla haujawaka), na TPM 2.0 (kijisehemu cha usalama cha kutunzia funguo). Kwa prosesa za Intel, orodha rasmi inaanzia kizazi cha nane, ukiacha chache za kizazi cha saba. Na kwa maisha halisi GB 4 ni mateso. Anzia GB 8.

Zipo njia za kuruka masharti hayo, na Rufus, programu ya kuandikia flashi tutakayoikuta hatua ya tano, inakupa visanduku vya kuyaondoa. Inafanya kazi kwenye mashine nyingi za kizazi cha sita na saba. Lakini zile za Core 2 Duo usijisumbue: tangu toleo la 24H2 Windows 11 inahitaji amri za prosesa ambazo mashine hizo hazina, na hazitawaka kabisa.

Kwa mashine ya zamani, ile ya GB 4 iliyonunuliwa mtumba, mimi napiga Linux Mint ya Xfce, toleo lake jepesi. Mint inaridhika na RAM ya GB 2, ingawa wenyewe wanapendekeza GB 4, na nafasi ya GB 20 kwenye diski. LibreOffice imo tayari, inafungua mafaili ya Word na Excel, na kivinjari kimo. Nimewapigia walimu wa shule za msingi, wanaandika mitihani yao humo bila shida. Tatizo linakuja kama mtu anatumia programu ya ofisi iliyotengenezwa kwa Windows peke yake, kwa mfano ya uhasibu. Muulize kwanza. Usimpigie Linux mtu ambaye kesho atahitaji kitu kisichofunguka humo.

Hatua ya tatu: pakua faili la ISO, ulihakiki, ulitunze

ISO ni faili moja linalobeba mfumo mzima. La Windows lichukue kwenye tovuti ya Microsoft, la Mint kwenye linuxmint.com. Usichukue ISO ya kupeana kwenye magrupu ya simu wala iliyokwisha "kukrakiwa". Nimesafisha mashine nyingi zilizoingia virusi siku ile ile zilipopigwa Windows, kwa sababu virusi vilikuwa ndani ya ISO yenyewe. Na mara nyingi hata haja ya kukraki haikuwepo: mashine nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 10 kuja juu zina ufunguo ndani ya bodi. Ukipiga toleo lile lile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, linajitambua lenyewe likipata intaneti.

Ni GB tatu kwa Mint, zaidi ya tano kwa Windows 11. Kwa bando la simu hiyo ni fedha, kwa hiyo pakua mara moja na utunze kwenye diski ya nje. Tarehe 12 Mei 2024, maji ya Hidaya hayajakauka vizuri, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti nchini ikawa ya kusuasua. Mimi niliendelea kufanya kazi kwa sababu ISO zangu zilikuwa kabatini. Tangu mwezi ule kila baada ya miezi michache napakua toleo jipya, la zamani nalifuta.

Kabla ya kulitumia, hakiki kwamba faili halikuharibika njiani. Kwenye tovuti ulikopakua kuna mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu unaoitwa SHA-256. Kwenye Windows fungua Command Prompt, ingia kwenye folda yenye faili, andika:

certutil -hashfile mint.iso SHA256

(badala ya mint.iso weka jina la faili lako). Kwenye Linux ni sha256sum kisha jina la faili. Mlolongo utakaotoka lazima ufanane na ule wa tovuti, herufi kwa herufi. Ukitofautiana hata kidogo, faili lina kasoro; pakua upya. Ukiruka hapa, usishangae kazi ikakatika katikati na ukaanza kuilaumu diski isiyo na kosa.

Hatua ya nne: pima flashi yenyewe

Hili sijaona mafundi wengi wakilifanya, na ndilo linalowachosha. Flashi ya GB 8 inatosha, ya GB 16 ni nzuri zaidi. Lakini flashi bandia zimejaa. Chombo kimeandikwa GB 64 na kompyuta inakubali kwamba ni GB 64, kumbe ndani kuna GB 8 tu na kidhibiti chake kimefundishwa kudanganya. Unaandika, haikatai, ikifika mwisho wa nafasi ya kweli inaanza kuandika juu ya vya mwanzo au kuvitupa. Mfumo ukifika asilimia sitini unaanguka, na kesho unaanguka asilimia themanini.

Nilinunua moja ya namna hiyo barabarani. Nilipiga mfumo ule ule mara nne kwenye mashine mbili tofauti, nikabadilisha RAM, nikabadilisha diski, ndipo nikaishuku flashi. Tangu siku hiyo kila flashi mpya naipima kwa H2testw kwenye Windows au f3 kwenye Linux. Programu hizo huijaza flashi yote, kisha huisoma tena na kukuambia ukubwa wake wa kweli. Inachukua muda mrefu kwa flashi ya USB 2.0, iache ifanye kazi, wewe kanywe chai.

Hatua ya tano: andika ISO kwenye flashi

Kulinakili faili la ISO na kulibandika kwenye flashi kama unavyobandika wimbo hakufanyi flashi iweze kuwasha mashine. Linahitaji kuandikwa kwa programu maalumu. Na elewa: kila kilichomo kwenye flashi kitafutika.

Kwenye Windows natumia Rufus. Ni programu ndogo ya bure, haihitaji hata kusakinishwa. Chomeka flashi, ifungue, hakikisha juu kabisa imechaguliwa flashi yako, bofya SELECT uchague ISO. Sehemu ya "Partition scheme" ndiyo ya kutuliza akili: chukua ile karatasi yako. GPT na MBR ni mitindo miwili ya kugawanya diski: ikiwa mashine ni UEFI chagua GPT, ikiwa ni Legacy chagua MBR. Mengine yaache kama yalivyo, bofya START. Kwa Windows 11 Rufus itakuuliza kama uondoe masharti ya TPM na ulazima wa akaunti ya Microsoft. Kile kisanduku cha akaunti mimi hukiweka alama, kwa sababu wateja wangu wengi wanataka jina na pasiwedi vya pale pale kwenye mashine. Kwa Mint itakuuliza njia ya ISO au ya DD. Chagua ISO, na flashi ikigoma kuwasha mashine rudia kwa DD.

Usiichomoe kabla Rufus haijaandika READY. Halafu itoe kwa utaratibu, usiinyofoe.

Kama kazi zako ni nyingi, tumia Ventoy. Unaisakinisha kwenye flashi mara moja, kisha hapo sasa unabandika mafaili ya ISO kama nyimbo, Windows na Mint kwa pamoja, na ukiwasha mashine inakuletea orodha uchague. Kwenye mashine yenye Secure Boot itakutaka uikubalie ufunguo wake mara ya kwanza.

Na kwa mtu ambaye kompyuta yake ndiyo hiyo moja na imekufa? Simu ya Android inatosha kuanzia. Tafuta kile kiunganishi cha OTG kinachounganisha flashi na simu, weka programu iitwayo EtchDroid, pakua ISO ya Mint kwenye simu, iandike kwenye flashi. Kwa ISO za Linux inafanya kazi vizuri. Kwa ISO ya Windows haifai. Lakini ukishawasha Mint kutoka kwenye flashi unakuwa na kompyuta nzima ya kuendelea nayo, ikiwamo kuokoa mafaili.

Hatua ya sita: iamuru mashine ianzie kwenye flashi

Zima mashine kabisa. Windows za siku hizi zikizimwa kwa kawaida huwa zimesinzia nusu, kwa hiyo shikilia Shift unapobofya Shut down. Chomeka flashi, washa, na papo hapo anza kugonga kitufe cha kuchagulia, gonga-gonga usishikilie. Kwa HP ni Esc kisha F9. Dell F12. Toshiba F12. Lenovo F12, na baadhi zina kitundu kidogo ubavuni cha kubonyeza kwa pini wakati mashine imezimwa. Asus ni Esc. Acer ni F12, lakini mara nyingi kimezimwa: ingia kwanza kwa F2, washa "F12 Boot Menu", hifadhi, anza upya.

Itatokea orodha. Flashi yako inaweza kuonekana mara mbili, moja ikianza na neno UEFI na nyingine haina. Chagua inayolingana na karatasi yako. Watu wengi huchagua yoyote, na adhabu yake inakuja hatua ya saba.

Flashi isipoonekana, hamia tundu jingine kwanza. Sisi wa pwani tuna adui wa ziada: chumvi. Mashine za Shangani na Mikindani naziona vyuma vya ndani ya tundu la USB vimepata ukungu wa kijani, flashi inashika leo kesho haishiki. Toa chaja, toa betri kama inatoka, safisha kwa brashi laini na spiriti safi ya kusafishia vifaa, acha ikauke kabisa. Baada ya hapo ndipo uingie BIOS kuzima "Fast Boot". Secure Boot usikimbilie kuizima. Windows na Mint zote zinapita nayo, na kuibadilisha kwenye mashine yenye BitLocker kutaleta lile dai la tarakimu 48.

Betri ikiwa imekufa, subiri siku umeme umetulia au tafuta UPS. Umeme ukikatika wakati mfumo unaandikwa, utaanza upya.

Hatua ya saba: ukurasa wa kuchagua diski

Mpaka hapa hakuna ulichoharibu. Kwa Windows utachagua lugha, utabofya "Install now", ikiuliza ufunguo na huna, chagua kuendelea bila ufunguo, kisha "Custom". Matoleo mapya yanakutaka uweke alama kwenye kisanduku cha kukubali kwamba kila kitu kitafutwa. Halafu inakuja orodha ya diski.

Simama. Ondoa mikono kwenye kibodi.

Miaka yangu ya mwanzo niliacha diski ya nje ya mteja imechomekwa. Orodha ikaonyesha Disk 0 na Disk 1, zote karibu GB 500. Nikafuta ya juu. Ilikuwa ya nje, ile niliyotoka kuhamishia picha zake za harusi. Niliokoa baadhi kwa siku mbili za kuchimbua, nyingine zilipotea, na sijasahau alivyonyamaza nilipomweleza. Kwa hiyo sharti langu ni hili: kabla ya ukurasa huu, kwenye mashine inabaki flashi ya kusakinishia peke yake. Diski ya nje inatoka, simu inatoka, kadi ya kumbukumbu inatoka.

Kisha soma ukubwa. Flashi nayo huonekana kwenye orodha. Itambue kwa GB zake. Chagua vipande vya diski ya ndani, futa kimoja kimoja mpaka ibaki "Unallocated Space" moja, bofya Next, Windows itagawanya yenyewe. Ikiwa diski ina kipande cha D chenye vitu vya mwenyewe, usikiguse. Futa kile cha C na vile vidogo vya mfumo tu.

Ukiambiwa Windows haiwezi kuingia kwa sababu diski ni ya mtindo wa GPT au MBR, diski haijaharibika. Umewasha flashi kwa njia isiyolingana: rudi hatua ya sita, chagua ile nyingine. Na orodha ikiwa tupu kabisa kwenye mashine ya Intel ya kizazi cha 11 kuendelea, ni VMD ya Intel, mpangilio unaosimamia diski ambao kisakinishi hakiutambui. Ama unaweka draiva yake (programu ndogo ya kukitambulisha kifaa) kwenye flashi na kubofya "Load driver", ama unaizima VMD ndani ya BIOS.

Kwa Mint ni mafupi zaidi. Ikishawaka bofya alama ya "Install Linux Mint" kwenye Desktop, chagua lugha, halafu ama kufuta diski nzima ama kuiweka pembeni ya Windows. Kwenye ramani bofya Dar es Salaam ili saa ikae sawa.

Hatua ya nane: baada ya kuwaka

Mashine ikijianzisha mara ya kwanza, chomoa flashi, la sivyo itarudi mwanzo wa usakinishaji na utadhani haikufanya kitu. Wi-Fi isipoonekana, unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti. Windows na Mint kwa kawaida zinaitambua bila draiva. Kwenye Windows fungua Windows Update iachie ilete draiva zenyewe, kwenye Mint fungua Driver Manager. Maboresho ya kwanza hula bando, kwa hiyo mwambie mwenye mashine mapema.

Kama ilipigwa Windows 11 na mtu akaingia kwa akaunti ya Microsoft, diski inaweza kujifunga kwa BitLocker yenyewe. Andika ule ufunguo leo, kwenye karatasi, mkabidhi mkononi.

Mafaili yarudishe mwisho, kisha mpe mwenyewe kibodi ayafungue. Mama katibu alifungua lile la MWISHO KABISA, akashuka taratibu mpaka mstari wa chini, akasoma majina matatu ya mwisho kwa sauti, akapanda tena juu. Akaiviringisha mashine kwenye kitenge chake akawahi gari la Tandahimba. Nakala yake ilikaa kwenye diski yangu wiki mbili, mpaka aliponipigia kusema salfa imegawiwa na hakuna jina lililokosekana. Nikamwambia naifuta, nikaifuta.